Sweta Lililonukia Stroberi

Nyandira, Mgeta
Ijumaa, 11 Julai 2025

Mke mwenzangu Winfrida,

Mimi mzima, kuku wazima, goti ndilo lililonuna. Abuu ameniambia lori lake litashusha kabichi za jiko la shule yenu kila Jumamosi mpaka muhula uishe, kwa hiyo barua zangu zitasafiri na kabichi. Simu mmekatazwa huko, na yangu hushika mtandao nikipanda juu ya mwamba tu, nami sina mguu wa kupanda mwamba kila nikikukumbuka.

Tangu uondoke sijatulia. Ulipokuja likizo ya mwezi wa sita tulikubaliana nikuonyeshe mipaka ya shamba. Alama ni sita, na sisi hatukuvuka ya pili. Kwenye sale la Maimuna, ule mmea wa mpaka uliopandwa na bibi wa zamani wa ukoo wetu, ulikaa chini. Kwenye mwamba wa maji ukainama ukakohoa mpaka machozi yakakutoka, na mimi wa miaka sabini na moja nimesimama nakungoja. Msichana wa miaka kumi na sita. Tukageuza.

Unajua kwetu shamba hufuata tumbo la mama, na mpaka hatuuandiki, tunaukanyaga. Mimi niliukanyaga nyuma ya mama yangu. Mama yako Felista aliukanyaga nyuma yangu, akapanda sale lake kule juu kabisa, ndiyo alama ya sita. Yeye ametangulia, umebaki wewe. Jirani yetu Yohana kila msimu analima hatua mbili upande wetu, kwa adabu kabisa, akinisalimia. Mahali mpaka unapokata kona nimebaki kupajua mimi peke yangu.

Goti hili likinipa likizo moja ya Desemba ya kupanda na wewe nitashukuru. Mbili sidhani. Mjomba wako Leonard alikuja Jumapili kutoka Mzinga, akasema kama kifua chako ndicho hicho, basi tumkanyagishe Witness, mjukuu wa mdogo wangu aliyeko Dar. Witness ni mtoto mzuri. Alipokuja hapa aliniuliza karoti zinaota kwenye mti gani.

Niambie ukweli, ni pumu? Mficha maradhi kifo humuumbua. Na jambo lingine: ulipoegemea begani kwangu jikoni, sweta lako lilinukia stroberi. Zetu zilikuwa bado maua, nikajua unazitafuta huko mjini kwa hamu ya nyumbani. Vumilia, zikiiva nitakuletea.

Bibi yako,
Regina

Bigwa, Morogoro
Jumamosi, 26 Julai 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya, nami ni mzima, namshukuru Mungu. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa kifua si tatizo kubwa. Matroni amesema ni pumu kidogo inayoletwa na vumbi la huku, itapungua yenyewe. Masomo yanaendelea vizuri.

Kuhusu stroberi, usijisumbue Bibi. Huku zipo na nimeshazichoka. Nakuomba sana usiteremke na goti hilo kwa ajili yangu.

Msalimie mjomba. Mwambie Desemba nitakuwa sawa.

Mjukuu wako mtiifu,
Winfrida

Nyandira
Ijumaa, 15 Agosti 2025

Mke mwenzangu,

Barua yako ilikuwa na adabu nyingi mno, nikadhani imeandikwa na mkuu wa shule. Na mtu aliyechoka stroberi hanukii stroberi mpaka kwenye mishono ya sweta. Najua unaogopa kunisumbua.

Ndoo hii ya mafuta ya kupikia nimeijaza mwenyewe. Nimeanza kuchuma umande haujakauka, nimezipanga juu ya majani ya kabichi zisipondane, nikateremka nazo mpaka barabarani. Njia ambayo zamani niliimaliza kwa kopo moja la chai leo imenila asubuhi nzima, lakini sikutaka kumpa mtu abebe, angezionja njiani. Nimemwambia Abuu nikisikia ameweka kabichi juu yake asipite tena kijijini kwetu.

Pembeni nimekuwekea majani ya mkaratusi. Chemsha, jifunike khanga, vuta mvuke wake. Ni mzuri kwa pumu.

Jumuiya yetu ndogo ndogo ilikutana hapa kwangu Jumatano. Nilipowaeleza habari ya kifua chako, watu kumi na moja walipiga magoti kwenye sakafu yangu ya udongo wakasali rozari nzima kwa ajili yako. Hata mzee Paulo alipiga magoti, na ilibidi wawili wamnyanyue.

Kula vizuri, na wenzako uwape.

Bibi yako,
Regina

Bigwa
Jumamosi, 23 Agosti 2025

Bibi, shikamoo.

Barua hii nimempa Abuu mkononi, haikupitia kwa matroni. Nakuomba ukae chini kabla hujaisoma.

Sina pumu. Matroni hakusema chochote kwa sababu sikuwahi kumwendea. Harufu uliyoisikia kwenye sweta haikutoka kwenye tunda. Kuna sigara ya umeme, sisi tunaiita vepu. Ni ndogo, inafichika ndani ya soksi, imepakwa rangi ya peremende, na ndani ina maji yenye ladha. Yangu ilikuwa na ladha ya stroberi. Ukivuta unatoka mvuke, hakuna majivu wala moshi wa kukushtaki. Lakini ndani ina nikotini, ile ile iliyomo kwenye tumbaku.

Nilianza mwaka jana nikiwa kidato cha pili. Nasra, anayelala kitanda cha chini yangu, alikuwa nayo, nikasema naonja tu. Tukawa tunavuta chooni kabla ya kipindi cha kwanza. Baadaye na saa ya mapumziko. Baadaye nikawa siwezi kumaliza misa bila mikono kunitetemeka. Likizo nilipokuja kwako nilikuwa nayo, nilikuwa naivutia nyuma ya banda la mbuzi. Ndiyo sababu nilikuwa kila mara najitolea kuwapelekea majani.

Usidhani hatukuonywa. Nesi alituletea picha za mapafu meusi, tukaona ni mapafu ya wazee. Mkuu wa shule alisema atakayekamatwa anarudishwa nyumbani, tukabadilisha maficho. Yote hayo niliyasikia na sikuacha hata siku moja.

Halafu ndoo yako ikaja. Matroni aliifungua mbele ya bweni zima. Zilikuwa zimekaa kwa mistari, na hakuna hata moja iliyopondeka. Nasra akala moja, kisha akasema, "Wini, mbona hii hainuki kama ile yetu?" Nikainusa. Ilinuka kidogo tu, na ilikuwa na udongo wa kwetu. Nilisoma barua yako pale pale, nilipofika kwa mzee Paulo kunyanyuliwa nikaikunja. Watu wote wale walipiga magoti kwa ajili ya uongo wangu. Naona aibu, Bibi, naona aibu mpaka siwezi kukaa na wenzangu.

Vepu nimeitumbukiza choo cha shimo. Leo ni siku ya saba. Kichwa kinauma na nimegombana na kila mtu.

Siachi kwa ajili ya zile picha. Sale la mama sijawahi kuliona. Nataka kufika pale kwa miguu yangu wakati wewe bado unaweza kunionyesha. Usimpe Witness. Nipe mpaka Desemba.

Winfrida

Nyandira
Ijumaa, 19 Septemba 2025

Winfrida,

Nimekaa na barua yako karibu mwezi. Mwanzoni sikujibu kwa sababu kila neno lililonijia lilikuwa fimbo. Nilikasirika sana. Si kwa kuvuta tu. Nilikasirika kwamba niliteremka mlima nimebeba ndoo, nikijiona bibi mwema, kumbe nimebeba ujinga wangu.

Jumuiya ilipokutana tena nilisimama nikawaambia ile haikuwa pumu, nilikosea. Sikukutaja zaidi. Nikasema tuombee watu wawili wanaotaka kuacha jambo. Mzee Paulo akauliza wa pili ni nani, maana Waluguru hatuachi swali likapita. Nikamwambia apige magoti kwanza.

Wa pili ni mimi.

Hukuwahi kujiuliza kwa nini bibi yako hutoka nyuma ya banda la mbuzi akipiga chafya? Ni ugoro. Miaka thelathini na minane, Winfrida. Nina kikopo ninachokificha kwenye pindo la khanga, na kila nikiungama kwa padri nasahau kukitaja. Babu yako alikufa bila kujua, au alijua akanyamaza, hilo nitamuuliza mbinguni. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimeshika kalamu nikutukane, chafya ikanitoka juu ya karatasi.

Umeandika kwamba ndani ya kitu chako kuna ile ile ya tumbaku. Basi wewe na mimi tumekuwa wake wenza mara ya pili, kwa mume mwingine, na huyu hafai. Tumpe talaka. Wewe huko, mimi hapa. Kila barua tutaambiana siku tulizofikisha, na anayeanguka aseme ameanguka, ahesabu upya. Uongo ndio sitaki tena. Ukianguka nitakuhurumia, lakini ukinidanganya Witness atakanyaga mpaka huu hata kama anaogopa siafu.

Leonard nimemwambia asubiri. Hajui kwa nini.

Mimi leo ni siku ya tatu. Nimempiga jogoo bila kosa.

Bibi yako

Bigwa
Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Bibi, shikamoo.

Nimeanguka. Nilikuwa nimefikisha siku arobaini na saba. Siku ya mtihani wa hesabu Nasra alitoka chooni mdomo unanukia, akanipitishia bila hata kuniuliza, nikavuta mara mbili. Sikuisikia hata raha yake. Kilichonijia ni uchungu wa koo na sura yako ukimsubiri Abuu barabarani. Nimeanza upya tarehe tatu, kwa hiyo leo ni siku ya nane.

Nilitaka kukuficha. Niliandika barua nyingine nzuri kabisa, nikaichana.

Nimemwambia Nasra nahama kitanda. Alinuna, akasema najifanya mtawa. Juzi akaja kuniuliza kama kweli bibi yangu naye anaacha ugoro. Nilipomwambia kweli alicheka mpaka akakaa chini, halafu akauliza unapunguzaje hamu. Nikamwambia sijui, nitakuuliza. Kwa hiyo nakuuliza, kwa niaba yetu sote.

Kila asubuhi nakimbia kuzunguka uwanja wa mpira. Wiki ya kwanza nilizunguka mara moja nikatapika. Sasa nazunguka mara nne. Wenzangu wananiita mjeda, na mimi nawaacha waniite.

Bibi, wakati ule mwezi wa sita tulivyokuwa tunapeana zamu nyuma ya banda la mbuzi bila kujuana, mbuzi walikuwa wanatuonaje?

Winfrida

Nyandira
Ijumaa, 31 Oktoba 2025

Mke mwenzangu,

Mbuzi walituona kama tulivyo.

Umeanguka, umesema, basi umeinuka. Mimi pia nimeanguka. Kwenye msiba wa mke wa fundi cherehani kulikuwa na wanawake wanapitishiana, mkono wangu ukaenda kabla ya akili. Mara mbili siku moja. Hiyo ilikuwa wiki iliyopita, leo nina siku sita.

Mwambie huyo Nasra kuwa hamu ni mgeni mkorofi. Ikibisha hodi, usiikaribishe wala usigombane nayo, wewe shika kazi. Mimi napalilia. Karoti zangu mwaka huu hazina gugu hata moja, Yohana ameshangaa akauliza nimeajiri watu. Pia natafuna kipande cha tangawizi. Nakutumia mizizi kumi, mgawane naye. Msichana anayeuliza swali hilo ameshaanza kuacha.

Sasa jambo zito. Goti limevimba. Yule daktari wa zahanati amesema nisipande milima, nikamuuliza anajua yuko wilaya gani. Leonard amepanga siku, Jumamosi tarehe ishirini Desemba. Amesema wazi, ukishindwa safari hii Witness analetwa Pasaka na hatataka maneno. Yeye si mbaya. Anaogopa nife na mpaka kichwani, na mimi pia naogopa hilo.

Kimbia mara nane.

Bibi yako,
Regina

Bigwa
Jumamosi, 29 Novemba 2025

Bibi, shikamoo.

Siku hamsini na saba. Mara tisa. Nasra ana siku kumi na mbili na meno yake yote yananuka tangawizi.

Tunafunga Ijumaa. Nitapanda na lori la Abuu likirudi tupu. Usiteremke kunipokea. Nitapandisha mwenyewe na begi langu, na nikikohoa utanisikia.

Winfrida

Bigwa
Jumamosi, 17 Januari 2026

Bibi, shikamoo.

Nimefika salama, sasa niko kidato cha nne. Kuna jambo sikukujibu mbele ya mjomba, na tulikubaliana kutofichana.

Siku ile ya Desemba goti lako lilipogoma kwenye mwamba wa maji, ukashindwa hata kusimama, mjomba Leonard alisema turudi. Alisema kwa upole na ndiyo maana niliogopa. Wewe ukakaa juu ya mwamba ukamwambia, "Nitamwita kutoka hapa. Watu wanaitana ng'ambo ya bonde kila siku, mimi nitashindwa nini?" Kisha ukaniambia kila ukitaja alama nikifika niitikie, ili ujue nimekanyaga mahali penyewe.

Nilipandisha, mjomba nyuma yangu. Ukaita mforosadi, upande wa kulia, kata kona. Nikasimama pale nikaita, "Nipo!" Ukaita sale la mapacha, nikaitika. Hapo mjomba alikaa, anahema, akaniashiria niende tu. Ukaita shimo la nungu, nikaitika, na kifua hakikulia hata kidogo. Nilijisikia mkubwa, Bibi, sitakudanganya.

Halafu ya sita nikanyamaza. Uliponiuliza jioni nilisema upepo ulinizuia. Haukuwa upepo. Nilikuwa nimeshafika. Lile sale limenipita kimo na limezaa mengine matatu pembeni, nami nilikuwa nalishika majani yake. Ndipo sauti yako ikaja. Kwa zote zilizotangulia ulitaja alama. Kwa hii hukusema sale. Uliita "Felista," basi.

Pumzi nilikuwa nayo, Bibi. Nilikuwa nayo ya kutosha kufika hata mlima wa pili. Nilikuwa nalia.

Siku mia moja na sita leo.

Winfrida

Nyandira
Ijumaa, 23 Januari 2026

Mwanangu,

Nami nina la kusema.

Uliponyamaza nilidhani kifua kimekushinda, na kwamba ni mimi niliyekutuma huko juu peke yako kwa ukaidi wangu. Nilitoa kikopo kwenye pindo la khanga. Ndiyo, siku zote nilikuwa natembea nacho, kimejaa. Nikakifungua. Kidole kilikuwa kimeshaingia ndani. Ndipo ukaitikia. Nikafuta kidole kwenye jiwe, nikaumwaga ugoro wote pale pale, na sasa kikopo kinatunza sindano zangu. Nina siku tisini.

Kuhusu jina, sikujua nimeita nini mpaka ulipoitikia. Miaka minane sijaliita jina hilo kwa sauti, kwa kuogopa ule ukimya unaofuata. Wewe ukasema "Nipo."

Yohana alikuwa shambani kwake siku ile, akasikia alama zote nne nilizoita na majibu yote manne, na kijiji kizima kilisikia. Jumatatu yake nikamwona amehamisha tuta lake hatua mbili nyuma. Hakusema kitu, nami nilimwitikia salamu yake vizuri. Leonard anamsimulia kila mtu kwamba alifika juu na wewe. Mwache.

Ulisahau sweta lako msumarini jikoni. Nililinusa kabla ya kulikunja, kisha nikalinusa tena. Linanuka jasho na udongo wa kule juu. Nilishachota maji nilifue, nikayarudisha mtungini. Nakutumia hivyo hivyo.

Bibi yako,
Regina